Kutu ikifika kwenye mifupa ya gari

Peugeot 504 ya marehemu baba ilinionyesha ugonjwa wake siku nilipoipiga jeki kubadilisha tairi la nyuma kushoto, kando ya barabara pale Nyakato, Mwanza. Nyuma ilipoinuka nikataka kufunga mlango wa abiria uliokuwa wazi. Ukagoma. Ulimi wa kitasa ulikuwa unagonga chini ya mahali pake kwa unene wa penseli hivi. Nikashusha jeki, mlango ukafunga vizuri kabisa.

Fundi wa kwanza akasema ni bawaba, akazikaza, akapokea hela yake. Wa pili, mzee mmoja aliyeanza kufua bodi za magari kabla sijazaliwa, hakuzigusa bawaba. Alipiga magoti, akachukua bisibisi bapa na kuidunga kwenye kizingiti, ile boriti ndefu inayopita chini ya milango. Ikazama mpaka kwenye mpini. "Mwanangu," akasema, "hili gari limevunjika mgongo. Kinacholishikilia ni rangi."

Alisema mgongo, hakusema ngozi. Wenye magari ya zamani wengi tunapotea hapo hapo, tunapoteza fedha, na ajali ikitokea tunapoteza zaidi ya fedha.

Lori lina chesisi, yaani vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu. Land Rover ya zamani inayo pia. Ukiivua bodi yote, injini, ekseli na magurudumu vinabaki vimesimama juu ya vile vyuma viwili virefu. Saluni ya 504, iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, haiko hivyo, na saluni karibu zote za leo haziko hivyo. Sakafu, vizingiti, nguzo za milango, paa na ukuta unaotenga injini na abiria vimeunganishwa vikawa kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kinachobeba uzito, kupokea mshindo wa mashimo na kuwakinga watu gari likigongwa. Peugeot 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, kwa hiyo si muundo wa kudharau. Lakini nguvu yake haitoki kwenye unene wa chuma. Inatoka kwenye umbo.

Chukua boksi tupu la dawa ya meno, lile refu la karatasi ngumu, lililofungwa ncha zote mbili. Lishike huku na huku, ulinyonge kama unayekamua nguo. Linakataa. Sasa chana kona yake moja kwa wembe, kutoka ncha hadi ncha, bila kuondoa hata kipande kidogo cha karatasi. Linyonge tena, uone lilivyolegea kama jani la mgomba. Karatasi ni ile ile. Kilichopotea ni ule mzunguko uliofungwa. Kizingiti cha gari ni boksi la namna hiyo: kwa magari mengi ya kizazi kile ni mabati mawili au matatu yaliyokunjwa na kushonwa pamoja juu na chini. Kutu inapoanza kwenye mshono wa chini, pale maji yanapotuama, inafanya kazi ya ule wembe. Ndiyo maana gari linaweza kubaki na bati lake karibu lote, likang'aa rangi, na bado likawa limekatika.

Swali linalofuata ni kwa nini kutu ianzie ndani. Wanaoishi Dar es Salaam au Tanga wana jibu jepesi: chumvi ya bahari. Sisi wa Mwanza hatuna bahari. Ziwa Victoria ni maji baridi, na ziwa lenyewe haliwezi kula chuma kwa kasi ya maji ya chumvi. Ila chuma hakihitaji chumvi ili kioze. Kinahitaji maji na hewa tu, na boksi lililofungwa chini ya gari lina vyote viwili. Maji ya mvua za masika na vuli yanateremka kwenye vioo, yanaingia ndani ya milango, yanapita kwenye matundu ya kupitishia hewa mbele ya kioo kikubwa, kisha yanatafuta njia ya kutokea chini. Kiwandani waliacha vitundu vya kutolea maji hayo. Vumbi la barabara zetu likichanganyika na maji huwa udongo, udongo unaziba vitundu, na kizingiti kinageuka kuwa mtungi. Mchana jua la kanda ya ziwa linakichemsha, usiku ubaridi unarudisha mvuke kuwa matone ndani yake. Hata wiki isiyo na mvua, humo ndani kuna umande.

Chumvi nayo tumeileta wenyewe. Baba alipostaafu alikuwa akipakia kayabo kwenye buti, kutoka soko la Mwaloni pale Kirumba kwenda Shinyanga. Kayabo ni samaki aliyelowa chumvi, na gunia lake hudondosha. Nilipoinua mkeka wa buti nilikuta sakafu imejichora ramani ya magunia, kahawia na nyeusi. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani na kuufanya upitishe umeme vizuri zaidi, na kuoza kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo mdogo ndani ya tone la maji. Gari lolote lililowahi kubeba kayabo nalitazama kama gari la pwani.

Kuna jambo jingine linaloniuma kwa sababu bado linafanyika: kuliingiza gari ziwani mpaka maji yafike katikati ya magurudumu, kisha kuliosha. Vile vitundu vya kutolea maji, gari likizama, vinakuwa vya kuingizia. Na sabuni, oili na matope vinabaki kwenye maji ambayo jirani anachota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye madhara kwa mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa, na hata isingekuwepo, ziwa lisingekuwa mahali pa kuogeshea injini.

Kutu ikishaanza haitulii, kwa sababu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Mabati mawili yaliyobanana yanasukumwa yaachane, mshono unavimba, ufa unafunguka, maji mengi zaidi yanaingia. Ukiona mstari wa rangi uliovimba kama shanga juu ya mshono, kazi imeanza kitambo upande wa pili.

Hapo ndipo puti inapoingia, na ndipo hasira yangu ilipo. Puti ni kitu kizuri mahali pake: tabaka jembamba, milimita mbili au tatu, juu ya bati zima lililonyooka, ili mkono usisikie bonde. Lakini ni unga wa mawe laini uliofungwa na gundi ya plastiki. Hauna nguvu ya kuvutwa wala kunyongwa, na unafyonza unyevu. Puti iliyozibia tundu inalowa kutoka nyuma na kulilaza bati kwenye maji. Kizingiti changu cha kushoto tulipokikata tulikuta kimejazwa gunia la katani, juu yake puti ya unene wa vidole viwili, juu yake rangi nyeupe safi. Gereji iliyofanya hivyo sitaitaja, lakini baba alilipia kazi ile kwa pensheni yake, akaendesha familia yake juu ya gunia kwa miaka.

Kwa hiyo kabla ya kukubali bei ya fundi yeyote, lipime gari mwenyewe. Sumaku ya spika mbovu inatosha: ifunge kwa kitambaa, ipitishe taratibu kwenye vizingiti, kwenye pindo la chini la milango na kuzunguka magurudumu ya nyuma. Isiposhika, huna bati hapo. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinajibu kwa mlio mkali; kilichooza kinajibu kama kadibodi. Toa makapeti yote, usitazame juu juu. Fungua bonneti utazame pale shokapu za mbele zinaposhika bodi kwa juu, maana zile kofia mbili ndizo zinazobeba mbele ya gari. Lala chini utazame sehemu za kuwekea jeki na mahali mikono ya magurudumu ya nyuma inaposhikiliwa. Tundu kwenye digadi la mbele, ambalo kwa 504 linafunguliwa kwa bolti, ni kero tu. Tundu la ukubwa huo huo kwenye kofia ya shokapu linaweza kukuua.

Halafu inakuja hatua ambayo gereji nyingi huiruka, na mimi nitakaa hapa kidogo. Gari lisilo na kizingiti linashuka katikati. Linaweza kushuka milimita chache tu zisizoonekana kwa macho, lakini ukilikata na kulichomelea likiwa katika hali hiyo, unaugandisha ulegevu. Utakuwa na chuma kipya na gari lililopinda milele: milango inayolia, kioo cha mbele kinachopasuka bila kupigwa na jiwe, matairi yanayolika upande mmoja.

Tulifanya hivi. Tuliliweka gari juu ya stendi nne kwenye sakafu ya zege, tukizisimamisha pale magurudumu yanapobebwa, ili uzito ukae kama linavyokaa barabarani. Tukaweka jeki yenye ubao mpana chini ya sakafu upande ulioumia, karibu na nguzo ya katikati, tukainua kidogo sana, robo mzunguko kwa wakati, huku tukitazama mianya ya milango. Mwanya ukishakuwa na upana mmoja kutoka juu hadi chini, unaacha. Kisha futi kamba: tukapima kila uwazi wa mlango kutoka kona hadi kona, njia zote mbili, tukaandika kwenye daftari na kulinganisha na upande wa kulia ambao ulikuwa haujaliwa sana. Mzee alirudia kila kipimo mara tatu. Nilipochoka akaniambia kipimo hakina haraka, haraka iko kwenye grenda.

Vipimo vilipokubaliana, ndipo tukafunga mabomba ya mraba ndani ya kila uwazi wa mlango, mengine yakikatiza kutoka kushoto kwenda kulia, yote yakishikwa kwa nukta za kuchomelea kwenye chuma kizima. Mabomba hayo ndiyo mifupa ya muda. Na tulikata upande mmoja tu. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja huna tena kitu cha kupimia. Umebaki na vipande vya gari.

Kukata kwenyewe ni rahisi, ugumu ni kujizuia usikome mapema. Kutu iliyoonekana ni nusu ya kutu iliyopo. Unakata mpaka ufikie bati linalong'aa pande zote mbili likipigwa msasa, na ukichomelea kwenye bati lililolika, moto utalitoboa mbele ya macho yako. Sisi tulidhani tutakata kizingiti tu. Tukaishia na ukingo wa sakafu, mguu wa nguzo ya katikati, na kona ya nyuma inayozunguka gurudumu.

Vipande vya kiwandani vya gari la umri huu havipatikani kirahisi Mwanza, na hilo lisikuvunje moyo. Mji huu una mikono inayojua bati. Eneo la Makoroboi lilipata jina kutokana na zile taa za mafuta zilizofuliwa huko kwa mabati chakavu. Tulitengeneza kiolezo cha kadibodi kutoka upande wa kulia, tukakigeuza, tukakunja bati jeusi la geji 18, yaani karibu milimita 1.2. Bati la kuezekea halifai kamwe: geji 30 ni karibu theluthi moja ya milimita. Bati la pipa la lita 200 linafaa zaidi kwa sababu mengi yana unene wa karibu milimita moja, ila pipa lililowahi kubeba petroli au vimiminika vinavyowaka usilipeleke karibu na moto wala grenda. Mvuke unaobaki ndani yake unalipuka hata kama pipa linaonekana kavu.

Wapo wanaodhani bati nene ndilo salama zaidi, wanabandika bamba la milimita tatu. Sikubaliani nao. Bamba nene linahitaji moto mkubwa unaounguza bati jembamba la jirani, na likishashikana halinyumbuliki pamoja na bodi. Barabara ya mawe inalitikisa, na nyufa zinaanza pembeni mwake palepale, kwenye bati la asili. Unene mpya uukaribie wa zamani.

Kuhusu mashine, gereji nyingi zina ama gesi ama ile ya umeme ya vijiti. Kijiti cha milimita 2.5 kinafaa geti na dirisha; kwenye bati la milimita moja kinatoboa kabla hujatamka neno. Gesi inaweza, ikiwa mkono ni mzuri, lakini joto lake linaenea na bati linajikunja mawimbi. Wengine huunganisha kwa shaba kwa gesi hiyo hiyo. Kwa kizingiti nakataa: dawa inayopakwa ili shaba ishike, ikibaki kwenye mshono, inakula chuma, na fundi atakayekuja baadaye hawezi kuchomelea vizuri juu ya shaba. Tulikodi mashine ya MIG, ile ya umeme inayojilisha waya yenyewe, waya wa milimita 0.8, kwa kijana wa gereji ya jirani. Hata kwa mashine hiyo huvuti mstari mrefu. Unaweka nukta hapa, unaruka shubiri mbele, unarudi katikati, unaacha chuma kipoe mpaka kiguswe kwa mkono, unaendelea. Kazi ya mita moja na nusu ilituchukua siku nzima.

Kiwandani mabati haya yalishonwa kwa nukta za umeme: mashine inayabana mawili kwa pamoja na kupitisha mkondo mkubwa, yanayeyuka mahali padogo na kushikana. Gereji isiyo na mashine hiyo inaweza kuiga. Toboa matundu ya milimita 6 hadi 8 kwenye pindo la bati la juu, umbali wa sentimita tatu au nne, libane kwenye la chini bila mwanya, anza moto kwenye bati la chini kupitia tundu na ulijaze. Mshono wa hivyo unashika kama wa asili, na pindo linabaki bapa.

Hapo kabla ya moto, mambo mawili ya usalama. Tenganisha betri, toa tanki la mafuta lote, makapeti, viti na nyaya zilizo karibu. Lami ya chini ya gari inashika moto kimya kimya nyuma ya bati usikokuona, kwa hiyo mtu mmoja asimame na ndoo ya mchanga na kifaa cha kuzimia moto, na baada ya nukta ya mwisho msiondoke kwa saa nzima. La pili ni moshi. Bati lenye zinki likichomelewa linatoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi kali jioni yake. Mafundi wengi wanaijua homa hiyo na wengi huinywea maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi ulikwenda mapafuni. Saga zinki ifike mbali na mshono, chomelea mahali pa wazi, vaa barakoa ya kazi hiyo.

Mwenye Land Rover ana hesabu tofauti kidogo. Zilipoanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, ndiyo maana bodi ikafanywa ya aluminiamu, na watu wengi wanaamini gari hilo haliozi. Chesisi yake ni ya chuma, boksi lile lile lenye giza na tope ndani, na inaoza. Zaidi ya hapo, aluminiamu ikigusana na chuma penye maji, aluminiamu ndiyo inayoanza kuliwa, ukaona ule unga mweupe kuzunguka bolti. Nafuu yao ni kwamba bodi inavuliwa, chesisi ikatengenezwa ikiwa uchi.

Rudi kwenye kizingiti. Kukifunga bila kukitibu ndani ni kuanza upya saa ya kutu. Mabati tuliyapaka praima yenye zinki kwenye mapindo kabla ya kuyashona na praima ya epoksi kwingine kote. Praima ya kawaida ya kijivu ina vitundu vidogo vinavyopitisha maji. Gari lililoachwa na praima hiyo pekee masika nzima linaota kutu chini yake. Dawa ya asidi ya kugeuza kutu nayo ina kazi, kwenye vumbi jembamba la kutu ambalo brashi haikufika. Haiumbi bati palipo na tundu. Rangi ya nje ilipokauka, tukanyunyizia ndani ya boksi grisi iliyolainishwa kwa oili safi, kwa mpira mrefu wa kompresa, mpaka ikachuruzika kwenye vitundu vya maji, tulivyovitoboa upya na kuvizibua kwa waya. Oili chafu ya injini, inayopendwa kwa kuwa ni ya bure, ina asidi na masizi, na inalainisha mipira ya gari. Sikuitumia.

Tulipokata yale mabomba ya muda, nililipeleka gari palepale pa mwanzo, jeki chini ya upande wa nyuma kushoto, nikainua mpaka tairi likaacha ardhi. Mlango ukafunga. Nikaufungua na kuufunga tena mara nne au tano, mzee akiwa amesimama nyuma yangu bila kusema neno.

Kwa nini kushoto ndiko kulikotangulia kuoza, alinieleza baadaye: tunaendesha kushoto, na magurudumu ya upande huo ndiyo yanayopita kwenye madimbwi na mifereji ya pembeni. Kulia nako bisibisi inaingia, nusu tu. Upande huo tutaufungua kabla ya vuli. Mabomba ya mraba yameegemea ukuta wa gereji yake, na daftari la vipimo liko kwenye droo ya dashibodi.